Viza ya Ubalozini, ya Mtandaoni, ya Kuwasili au Idhini ya Kusafiri: Ipi Inakufaa?

Mtu anayejiandaa kwenda nchi ya kigeni kwa mara ya kwanza huuliza kwanza ni njia ipi ya kupata viza iliyo rahisi. Swali hilo lina haki yake, ila majibu yake hupotosha, kwa sababu njia iliyo nyepesi mwanzoni inaweza kukubana katikati ya safari. Kwa miaka niliyojaza fomu zangu na kuwasaidia ndugu na marafiki kujaza zao, nimezoea kuuliza jambo jingine: nikikataliwa, jibu hilo litanikuta wapi? Likinikuta nyumbani, nimepoteza ada na siku za kusubiri. Likinikuta kwenye dawati la shirika la ndege, nimepoteza na tiketi. Likinikuta mbele ya afisa wa uhamiaji baada ya kushuka kwenye ndege, nimepoteza tiketi na fedha za malazi, na juu ya hayo jina langu limeandikwa katika kumbukumbu za nchi hiyo kama mtu aliyerudishwa. Kwa kipimo hicho nitazilinganisha njia nne zinazotumika zaidi duniani.

Kabla ya kuanza, mambo mawili yaeleweke. Kwanza, viza ni kibali cha kufika mpakani na kuomba kuingia. Neno la mwisho hubaki kwa afisa wa uhamiaji, naye anaweza kukuuliza upya yale yale uliyokwisha kuyajibu katika fomu. Pili, njia utakayopita huamuliwa na pasipoti unayobeba. Watu wawili wanaoishi nyumba moja na kupanda ndege moja wanaweza kutakiwa vitu tofauti kabisa, kwa hiyo uzoefu wa jirani aliyekwenda mwaka jana haukusaidii mpaka uhakikishe kwamba pasipoti yake na yako zimetolewa na nchi moja, na kwamba safari zenu zina kusudi moja. Uchaguzi wa kweli huwapo pale nchi unayoiendea inapokufungulia milango miwili kwa pamoja, kwa mfano inapokuruhusu kuomba mtandaoni au kusubiri hadi uwasili.

Viza ya ubalozini

Hii ndiyo njia kongwe na ndefu kuliko zote. Mwombaji hujaza fomu, hulipa ada, huweka miadi, hupeleka nyaraka zake ubalozini au kwenye kituo cha maombi kilichopewa kazi hiyo na ubalozi, huchukuliwa picha na alama za vidole, na kwa nchi nyingine huhojiwa ana kwa ana. Ifahamike kwamba kituo cha maombi hupokea na kupanga tu. Uamuzi hufanywa na maafisa wa nchi husika, na mtumishi wa kituo anayekwambia kwamba faili lako litapita anasema jambo lisilo katika mamlaka yake.

Eneo la Schengen, lenye nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, ni mfano mzuri wa utaratibu huu kwa sababu masharti yake yameandikwa wazi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku 15. Jibu hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, na likihitaji uchunguzi zaidi linaweza kufika siku 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya matibabu ya safari isipungue yuro 30,000. Ada ya mtu mzima imekuwa yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Hapo ndipo wengi huteleza: husikia kwamba ubalozi fulani ni mwepesi, huomba kwake, kisha huenda kukaa nchi nyingine. Tiketi na nafasi ya hoteli hueleza ukweli huo kabla mwombaji hajafungua kinywa.

Marekani hufuata mkondo mwingine. Fomu ya DS-160 hujazwa mtandaoni, lakini mizani huwa kwenye mahojiano, ambayo mara nyingi huchukua dakika chache. Sheria yao ya uhamiaji, kifungu cha 214(b), humchukulia mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mtu anayetaka kuhamia moja kwa moja mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba atarudi. Aliyenyimwa viza kwa kifungu hicho hana mahali pa kukata rufaa, ingawa anaweza kuomba tena. Kwa upande wa Schengen, anayekataliwa hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya rufaa. Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya ada, na hubadili namna ya kujiandaa: kwa Schengen faili ndilo litakalokusemea, kwa Marekani jiandae kujisemea mwenyewe, kwa maneno machache na ya kweli.

Katika nyaraka zote, taarifa ya benki ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko nyingine. Wengi huamini kwamba afisa hutazama salio la mwisho tu, hivyo hukopa fedha na kuziingiza kwenye akaunti wiki mbili kabla ya kuomba. Afisa aliyezoea kazi yake husoma ukurasa mzima. Huona mshahara ukiingia kila mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba ikitoka siku chache baadaye, ada ya shule, umeme, kisha ghafla huona kiasi kikubwa mara sita ya mshahara kikiingia siku moja bila maelezo. Kiasi hicho kingeweza kuwa halali kabisa. Huenda mtu ameuza kiwanja au amepewa na mjomba wake. Basi aambatishe mkataba wa mauzo, au barua ya mjomba pamoja na taarifa ya benki ya mjomba huyo. Salio dogo linalolingana na safari fupi lina nguvu kuliko salio kubwa lisilo na asili.

Barua ya mwajiri nayo isomwe pamoja na tiketi. Nimewahi kushika faili lenye barua ya likizo ya siku 14 na tiketi ya siku 21. Mwenye faili hakuwa na nia mbaya. Alibadili tarehe za ndege akasahau kuomba barua mpya. Siku hizo 7 zisizo na maelezo zingetosha kumfanya afisa ajiulize kama kweli mtu huyu ana kazi ya kuirudia.

Ubaya wa njia ya ubalozini ni muda na usumbufu, na zaidi ya hayo ni kwamba pasipoti yako mara nyingi hubaki kwao, usiweze kusafiri kwingine. Lakini kwa kipimo changu ina heshima yake: ukikataliwa, unakataliwa ukiwa kwako, kabla ya kulipia tiketi. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba mtu aweke nafasi ya ndege inayoweza kufutwa, asilipe tiketi kamili mpaka viza itoke.

Viza ya mtandaoni

Hapa mwombaji hujaza fomu kwenye tovuti ya serikali, hupakia picha na nakala ya pasipoti, hulipa kwa kadi, na hupokea kibali kwa barua pepe. India ilianza utaratibu wa namna hii Novemba 2014, na nchi nyingi sasa zina mfumo unaofanana nao. Pasipoti haitoki mkononi mwako, huna miadi ya kungojea, na jibu bado hukukuta nyumbani. Ikiwa nchi unayoiendea inakupa nafasi ya kuchagua kati ya viza ya mtandaoni na ya ubalozini kwa safari ya kawaida ya matembezi, mimi ningechagua ya mtandaoni.

Hata hivyo, kuna hatari moja ambayo ubalozini haipo kwa kiwango hicho: hakuna mtu anayeisoma fomu yako mbele yako na kukuonyesha kosa. Rafiki yangu mmoja alikuwa na pasipoti yenye herufi O katika namba yake, naye akaandika sifuri. Mfumo ulipokea, ada ikakatwa, viza ikatoka baada ya siku tatu ikiwa na sifuri ile ile. Hakuna aliyegundua mpaka alfajiri ya safari, mtumishi wa shirika la ndege alipoweka karatasi ya viza kando ya pasipoti na kupitisha kidole kwenye namba, tarakimu moja baada ya nyingine, kikasimama. Rafiki yangu hakupanda ndege siku hiyo. Aliomba upya, akalipa upya, akanunua tiketi nyingine.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja. Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili yenye herufi, tarakimu na alama za <, kila mstari ukiwa na nafasi 44. Huo ni mpangilio wa kimataifa unaosomwa na mashine. Jina la ukoo hutangulia, hufuatiwa na alama mbili za <<, kisha huja majina mengine. Nakili jina kwa mpangilio huo huo, uamue lipi ni la ukoo kwa kutazama mstari huo na si kwa mazoea ya kuitwa, kisha mpe mtu mwingine pasipoti akusomee namba kwa sauti huku wewe ukitazama fomu.

Hatari ya pili ni tovuti za kuigiza. Ukitafuta viza ya nchi fulani kwenye intaneti, matokeo ya kwanza yanaweza kuwa matangazo ya watu binafsi wanaotoza mara mbili au tatu ya ada halisi, na wengine hawapeleki maombi popote. Anzia kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje au idara ya uhamiaji ya nchi hiyo, ufuate kiungo kutoka hapo. Jambo la tatu husahaulika hata na wasafiri wazoefu: viza ya mtandaoni mara nyingi hukubaliwa katika viwanja vya ndege na bandari zilizotajwa tu. Anayepanga kuvuka mpaka kwa basi au gari moshi akague orodha hiyo kwanza, na kituo chake kisipokuwamo, viza ya ubalozini ndiyo itakayomfaa.

Idhini ya kielektroniki ya kusafiri

Hii huchanganywa sana na viza ya mtandaoni kwa sababu zote mbili huombwa kwa simu au kompyuta. Tofauti ni kwamba idhini hutolewa kwa watu ambao pasipoti zao zimesamehewa viza, na nchi inataka tu kuwakagua kabla hawajapanda ndege. Australia ilianza mfumo huo mwaka 1996. Marekani iliufanya wa lazima mwaka 2009 kwa jina la ESTA. Uingereza ilianza wa kwake mwaka 2023. Kwa Marekani na Uingereza idhini hudumu miaka 2 au hadi pasipoti iishe, lolote litakalotangulia, na pasipoti mpya hudai idhini mpya hata kama ile ya zamani ina miezi mingi iliyobaki. Ukaaji kwa ESTA hauzidi siku 90 kwa safari moja, na kwa idhini ya Uingereza hauzidi miezi 6.

Huwezi kuichagua ikiwa pasipoti yako haimo katika orodha, na huna haja ya kuomba viza kamili ikiwa imo, isipokuwa kusudi la safari linazidi mipaka ya idhini. Aliyenyimwa idhini hajafungiwa mlango. Hupelekwa kwenye njia ya ubalozini. Kwa hiyo iombe wiki kadhaa kabla, ingawa wengi hujibiwa haraka.

Viza ya kuwasili

Hutolewa uwanjani au mpakani baada ya kufika. Maldives hutumia njia hii kwa wageni wa karibu mataifa yote, bila ada na kwa siku 30, alimradi wana pasipoti hai, tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Kwa nchi yenye masharti mepesi na ya wazi kama hayo, njia hii haina ubaya wowote.

Kwingineko niko makini zaidi. Jibu hapa hukukuta ukiwa umekwisha kulipia kila kitu, na kabla ya afisa wa uhamiaji kuna mlango mwingine usiotajwa sana, nao ni dawati la shirika la ndege. Mashirika hutozwa faini yanapobeba abiria wasiostahili kuingia, hivyo watumishi wao hukagua masharti ya kila nchi katika mfumo uitwao Timatic, na wasiporidhika hawakupi kadi ya kupandia ndege. Anayetegemea viza ya kuwasili abebe tiketi ya kurudi iliyochapishwa, anwani kamili ya atakapolala, picha za pasipoti na fedha taslimu za sarafu inayokubalika pale, kwa sababu mashine ya kadi ikigoma usiku wa manane hakuna wa kukuazima. Nchi ikitoa viza ya kuwasili na ya mtandaoni kwa pasipoti yako, chukua ya mtandaoni, hata kama ada yake imezidi kidogo. Ya kuwasili iachiwe safari ya dharura, kama msiba, ambapo siku tatu za kusubiri hazipo.

Kuingia mara moja au mara nyingi, na hesabu ya siku

Baada ya kuamua njia, fomu hukuuliza uingie mara ngapi. Kuingia mara moja hutosha kwa anayekwenda na kurudi moja kwa moja. Lakini mwenye viza ya Schengen ya kuingia mara moja akiwa Ufaransa, akavuka kwenda Uingereza kwa siku mbili, hawezi kurudi Ufaransa kuchukua ndege yake, kwa kuwa Uingereza haimo ndani ya Schengen na ile mara moja imekwisha tumika. Kama ratiba ina hata uwezekano wa kutoka na kurudi, omba ya mara nyingi na uambatishe ratiba inayoonyesha sababu.

Kwenye stika ya viza ya Schengen kuna sehemu tatu ambazo zisomwe pamoja. Tarehe mbili huonyesha kipindi ambacho viza ni hai. Namba 01, 02 au neno MULT huonyesha mara za kuingia. Kisha kuna idadi ya siku za kukaa. Stika inaweza kuwa hai kuanzia tarehe 1 Machi hadi 30 Aprili na bado ikakupa siku 30 tu. Ukiingia tarehe 1 Machi, siku yako ya mwisho ni 30 Machi, hata kama tarehe ya mbele inakuambia Aprili.

Kwa wenye viza ya mara nyingi, kanuni ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Mtu aliyekaa kuanzia 1 Februari hadi 31 Machi katika mwaka ambao Februari ina siku 28 ametumia siku 59. Akirudi tarehe 1 Juni, siku hizo 59 bado zimo ndani ya siku 180 zilizopita, kwa hiyo amebakiwa na 31, na lazima awe ametoka ifikapo 1 Julai. Wengi hudhani hesabu huanza upya kila wanapotoka, na kosa hilo huonekana waziwazi kwenye kumbukumbu za mpakani. Kwa Marekani mambo ni tofauti tena: viza inaweza kuwa hai kwa miaka mingi, lakini urefu wa kila ukaaji huamuliwa na afisa siku ya kuingia, na tarehe aliyoandika yeye ndiyo ya kufuata.

Matembezi, masomo, kazi, au kupita tu

Hapa sina maneno mengi kwa kuwa hakuna cha kuchagua. Anayekwenda kusoma kwa mwaka aombe viza ya masomo, na anayekwenda kuajiriwa aombe ya kazi, hata kama ya matembezi ni nafuu na ya haraka. Katika Schengen, viza ya aina C ni ya ukaaji mfupi na ya aina D ni ya zaidi ya siku 90. Kuingia kwa ya kwanza ukitarajia kuigeuza kuwa ya pili mara nyingi humalizika kwa kuambiwa urudi ulikotoka ukaombe upya. Anayebadili ndege tu naye asijione yuko salama: tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali zinaweza kukulazimisha kutoka nje kuchukua mizigo, na hapo unahesabiwa kuwa umeingia nchi. Marekani haina eneo la kupita bila uhamiaji, kwa hiyo hata mwenye saa mbili za kungojea ndege huhitaji viza au ESTA.

Mwenyewe au wakala?

Wakala mwaminifu husaidia mtu asiyemudu lugha ya fomu au asiye na intaneti ya uhakika. Hana uwezo wa kuharakisha uamuzi wala kuununua, na anayekuahidi viza kwa asilimia mia ni wa kukimbiwa. Hofu yangu kubwa kwake ni nyaraka: akiweka barua ya uongo au hoteli isiyokuwapo ndani ya faili lako, sahihi iliyo chini ni yako, na marufuku ya miaka huandikwa kwa jina lako. Ukimtumia, soma kila ukurasa kabla haujapelekwa, na ubaki na nakala na risiti ya ada ya serikali kando na ada yake.

Siku utakayokabidhiwa pasipoti, usiondoke dirishani kabla ya kufungua ukurasa wa viza. Linganisha jina, namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, kipindi, mara za kuingia na idadi ya siku. Kosa likigunduliwa pale pale hurekebishwa na waliolifanya; likigunduliwa kwenye dawati la ndege, atakayelipa ni wewe.